Walinililia Nikiwa Shambani

Jirani yetu Fabien alipoleta simu za antena, zinazoshika televisheni, mtaani kwetu Rwambuzi, mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Kioo chenyewe hakizidi kiberiti, unavuta kijiti chake kama cha redio, halafu unazunguka uani ukitafuta picha. Nikamuuliza, "Fabien, nani ataangalia mutu mwenye kichwa kama punje ya muhindi?" Hakukasirika. Alisema, "Mama Domitille, utaona. Haiombi kununua unité, haiombi mafuta ya groupe."

Nikaona kweli.

Tangu vita vitulie, kama kweli vilitulia, salon ya nyumba yangu ndiyo ilikuwa televisheni ya avenue nzima. Marehemu mume wangu Xavier aliniachia televisheni kubwa na groupe, jenereta ndogo ya umeme. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nawasha, na watu wanaingia bila kubisha hodi. Adeline, jirani yangu wa ukutani aliyekimbia Djugu na watoto watatu, alikuwa na kiti chake hapo. Fabien mwenyewe alikuwa anakaa chini, ananyoosha miguu mpaka watu wanamruka. Kwanza habari, tujue barabara gani imefungwa tena. Kisha matangazo ya vifo, maana hapa ukikosa tangazo unakosa kilio, na asiyeonekana kwenye vilio vya wenzake asishangae siku yake. Walibishana, wakatafuna karanga, wakaniachia maganda sakafuni. Nilinung'unika kila siku kwa ajili ya maganda yale. Nilikuwa na furaha na sikujua.

Mtoto niliyebaki naye ni mmoja, yuko Kisangani, ananipigia Krismasi.

Wakaanza kupungua. Leo huyu ana simu, kesho yule. Wa mwisho alikuwa Adeline. Jioni moja nilimwona kupitia mlango wangu, amekaa kizingitini pake, nyaya masikioni, anacheka peke yake. Hatua kumi kutoka kwangu. Iliniuma, siwezi kusema uongo. Kesho yake nikamuuliza mbona haji tena. "Mama, siye tunaangalia kwetu sasa. Hatutaki kukusumbua." Kunisumbua! Nani aliwaambia kwamba sitaki kusumbuliwa?

Ijumaa moja sikuwasha groupe. Kuchoma mafuta kwa ajili ya mtu mmoja ni ujinga, na yule mmoja hata hakuwa na hamu. Nikala viazi, nikalala mapema. Jumamosi alfajiri nikafunga kufuli mlangoni nikaenda shambani kwangu, njia ya Nyankunde, kupalilia maharage.

Nilirudi saa tano, fungu la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Nikiwa bado barabarani nikasikia nyimbo za kilio. Nikajiuliza ni kwa nani. Nilivyosogea, nyimbo zikawa zinatoka katika uwanja wangu mwenyewe. Nilimfikiria mtoto wangu wa Kisangani. Nikajishika kwenye ua wa miti, nikachungulia.

Moto ulikuwa unawaka katikati ya uwanja. Viti vya parokia vimepangwa, wanawake wako kwenye mikeka, mabidoni ya maji yamejaa kando ya jiko langu. Sijawahi kuona watu wengi hivyo kwangu, hata siku ya Xavier. Adeline alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni, anapiga magoti chini. "Mama Domitille," analia, "unaniacha na nani?"

Ndipo nikajua kwamba nimekufa.

Mtu mwenye akili timamu angeingia saa ileile. Mimi nikashusha sombe polepole, nikabaki nyuma ya ua. Nilitaka kusikia. Fabien alikuwa anawaambia wanaume, sauti imemkauka: "Ule mama hakufukuza mutu hata siku moja. Wakati ya masasi ya vita, ni kwake ndiyo tulikuwa tunajua kama kesho tutatoka. Na siye tukamuacha pekee." Nikalia palepale, mkono mdomoni. Nililia kwa furaha, na kwa hasira, kwamba maneno mazuri namna ile yalingoja nife ndipo yasemwe.

Nilipoingia, mwanamke mmoja akaangusha sufuria. Adeline alinishika mikono, uso, mikono tena.

"Weye iko muzima?"

"Niko muzima. Nani aliwaambia nilikufa?"

"Tuliona jana kwa telefone. Walisema Mama Domitille wa Rwambuzi. Usiku kwako kulikuwa giza, asubui tukakuta kufuli kwa mulango, tukasema maiti iko ku hopitali."

"Na foto?"

"Foto ilikuwa kidogo, mama," Fabien akasema, anaangalia chini. "Niliona kitenge ya bleu tu. Na sauti ilikuwa inakatika-katika."

"Mungekuja kuangalia kwangu, mungeona si miye."

Kisha mtu akacheka, na wote wakacheka, wakanikumbatia mmoja mmoja, na kwa dakika chache uwanja wangu ukawa na raha ya harusi. Mzee Françoise, mkubwa wa akina mama wa parokia, ndiye aliyekumbuka: kulikuwa na Domitille mwingine, mkunga, avenue ya chini. "Basi kilio iko kule," akasema. "Batu bale bako pekee tangu jana."

Wakaanza kukusanya.

"Mukae kwanza," nikasema. "Nitapika chai. Sombe iko hapa, mbichi."

"Mama, tutakuja siku ingine. Maiti inangoja."

Walibeba viti, wakakunja mikeka, wakainua mabidoni. Fabien akamwagia moto wangu maji ili usichome kitu. Hata robo saa haikupita. Nilibaki nimesimama kando ya majivu yaliyolowa, mzima wa afya, na nikafikiri kwamba kama ningekuwa nimekufa kweli, wangekaa siku tatu.

Nikaingia ndani, nikavaa kitenge cha kilio, nikachukua kiti kimoja cha salon, nikawafuata.

Kule avenue ya chini sikumjua mtu wa nyumba ile. Marehemu sijawahi hata kumsalimu. Lakini nilipoona jeneza nikaanguka chini nikalia kuliko dada zake, mpaka binti mmoja wa familia akaja kuniinamia. "Mama, weye ni nani yake?"

"Ni ndoyi yangu," nikasema. "Tuko jina moja."

Kwetu ndoyi si mtu wa mbali; mwenye jina lako mnagawana kitu ambacho ndugu hawagawani. Binti alinishika mkono akanikalisha kwenye mkeka wa familia, katikati ya shangazi wawili. Waliniletea maji. Waliniegemea, nikawaegemea. Nilikaa siku tatu, nikala nao, nikaimba nao, na kila mgeni aliyeingia alinipa mkono wa pole, nami niliupokea.

Siku ya tatu mikeka ilipokunjwa na watu wakaanza kuaga, niliomba fagio. Binti akasema niache, watoto watafagia. Nikamwambia mimi sina haraka, nikaanzia kona ya mbali kabisa.