Simbali ya Karuba

Verdiane alikuwa ameinama katika shamba lake la viazi, Karuba, alipoitwa kutoka ng'ambo ya mtaro. Alikuwa Joséphine-Marie, mama anayefagia kanisa na kutunza funguo zake.

"Mama Verdiane! Padri anasema simbali imeonekana!"

"Imeonekana wapi?"

"Iko Kirolirwe, kwa Papa Bayingana, ule wa ng'ombe. Njo yeye aliificha wakati wa vita yote. Padri anaomba uende kuiangalia. Kanisa itafunguliwa Jumapili ya pili, anataka ilie siku ile."

"Sawa," alisema Verdiane. Akamaliza mstari aliokuwa akiupalilia, akaanza mwingine. Joséphine-Marie alibaki amesimama, kama mtu aliyeleta habari ya harusi akapokewa kama aliyesema kesho kutanyesha. Kisha akaenda zake.

Tangu arudi kutoka kambi ya wakimbizi, watu wa Karuba walikuwa wamemzoea hivyo. Ukimwambia jema, sawa. Ukimwambia baya, sawa. Alilima, alipika, alienda misa chini ya shitingi, turubai la plastiki, alijibu salamu. Lakini moyo wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaugusa, unaona kweli ni wako, na huusikii.

Simbali yenyewe ilikuwa sanduku pana la mbao lenye miguu minne, na juu yake zimetandazwa nyuzi za chuma sitini na kitu. Nyuzi hizo hazikwanyuliwi, hugongwa kwa vinyundo viwili vyembamba vilivyofungwa pamba. Aliileta Sista Ludmila kutoka kwao, nchi ya milima huko Ulaya, Verdiane akiwa bado msichana. Kwao, alisema, hakuna anayeoa bila simbali kulia. Alipenda kuwaambia wanafunzi wake kwamba sanduku hilo lina ndugu dunia nzima: Wairani wana la kwao, Wachina wana la kwao, na hata inanga, kinanda cha nyuzi cha wazee wa hapa, ni binamu yake, ila inanga huchezwa kwa vidole. "Hii si kitu ya wafalme," alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Ni ya watu ya kulima na watu ya kuchunga."

Sista aliugua, akarudishwa kwao, akafia huko. Kati ya wasichana aliowafundisha walibaki wawili, Verdiane na mdogo wake Igiraneza. Verdiane aligonga. Igiraneza alisikiliza. Nyuzi zilipolegea, Verdiane alizungusha vigingi kwa ufunguo, na Igiraneza, macho ameyafumba, alisema panda, panda, shuka kidogo, acha. Verdiane hakuwa na sikio la namna hiyo. Hakuwahi kulihitaji, maana mwenye nalo alikuwa akilala chumba cha pili.

Na sasa Igiraneza hayupo.

Siku iliyofuata Verdiane alikodi pikipiki hadi Kirolirwe. Bayingana alimpokea langoni, mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, koti zito, mabuti ya mvua, fimbo mkononi. Zamani alikuwa na ng'ombe arobaini. Sasa walikuwa tisa, na maziwa yao mkewe Mukundwa aliyageuza jibini katika nyumba ndogo ya mbao nyuma ya zizi. Huko ndiko alikompeleka.

"Utanisamehe, Mama," alisema akifungua mlango. "Sikuwa na fasi ingine."

Simbali ilikuwa imesimama ukutani katikati ya rafu, na juu yake, kwenye ubao uliolazwa juu ya nyuzi, yalipangwa mabonge manane ya jibini, manjano na mviringo.

"Tulipita pa kanisa na ng'ombe, tukakuta mlango imevunjwa," alieleza Bayingana. "Mimi nikashika huku, bibi yangu akashika kule. Kama watu wa bunduki wangejua ni kinanda, wangeiuza ao wangeipasua kuni. Lakini meza ya fromage, nani anaitaka?"

"Hawakukuja hapa?"

"Walikuja mara mbili," alijibu Mukundwa, akiyaondoa mabonge moja moja. "Fromage walikula. Meza waliiacha."

Verdiane aliinua ubao. Maji ya chumvi ya jibini yalikuwa yamedondoka kwenye nyuzi miezi na miezi. Nyingi zilikuwa zimekatika, zilizobaki zilikuwa nyekundu kwa kutu. Mbao zilinuka maziwa yaliyochacha. Mguu mmoja haukuwepo. Wenyeji wake walimtazama usoni, wakingoja alie au acheke au akasirike.

"Nyuzi zote zitoke," alisema.

Kazi ilichukua siku tisa, na Verdiane alilala kwao. Nyuzi za kinanda hazipatikani Masisi. Lakini Bayingana alikuwa na pikipiki ya kupelekea maziwa Sake, na aliwajua mafundi wote wa barabara ile. Alirudi na kifurushi cha kebo kuukuu za breki. Walikaa uwanjani, wakazifumua kebo hizo, waya mmoja mmoja, wakaunyoosha kwa kuuvuta kwenye mti wa mlangoni. Mukundwa alichonga mguu wa mkaratusi.

Ilikuwa wakati huo wa kunyoosha waya, hakuna aliyemtazama mwenzake, ndipo Bayingana alipouliza, "Sasa nani atasikiliza? Kanisani nilikuwa naona muko wawili."

"Ule alikuwa mudogo yangu. Alikufa."

"Pole, Mama. Ilikuwa wapi?"

"Mbele ya Sake, njia ya Goma." Verdiane alivuta waya, akaukata. "Tulikuwa tunakimbia. Alisema tumbo inamuuma, akaketi kwa jiwe. Nikaenda kutafuta maji. Kurudi, amekwisha. Watu walikuwa wanapita tu. Papa mumoja alinipatia jembe, tukachimba ndani ya viazi vitamu vya wenyewe. Papa akasema anataka jembe yake, anaenda. Nami nikaenda."

"Siku ile ile?"

"Saa ile ile. Bomu zilikuwa zinalia."

Alisimulia hivyo, sauti ile ile aliyotumia kuomba koleo. Mukundwa aliacha kuchonga, akaingia ndani. Verdiane akachukua waya mwingine.

Bayingana alienda chumbani, akarudi na filimbi ya wachungaji, ndefu, yenye matundu manne. "Mimi sikusoma notes za muziki za Sista," alisema. "Najua hii tu. Tufunge nyuzi kwa kufuata sauti ya hii."

Wakafunga kwa hiyo. Bayingana alipuliza sauti moja akaishikilia, Verdiane akazungusha ufunguo mpaka waya na filimbi vikaacha kugombana. Mara nyingine Bayingana alitoa filimbi mdomoni na kusema, "Bado." Mara nyingine ng'ombe waliinua vichwa. Siku ya saba Verdiane alizungusha kupita kiasi, waya ukakatika na kumchapa shavuni.

"Mama, unatoka damu!" Mukundwa alipiga kelele.

"Naona," alisema Verdiane, akiangalia tone lililoanguka kwenye mbao. Alilipangusa kwa kiganja ili lisiingie chini ya kidaraja kinachoinua nyuzi, akafunga waya mwingine. Mukundwa alilazimika kumshika kidevu kama mtoto ndipo amsafishe.

Walipomaliza, kila mmoja alijua kwamba sauti za simbali ile si zile za Sista Ludmila. Zilikuwa chache, zikirudiwa juu na chini, nyembamba, na ndani yake mlikuwa na mkwaruzo kidogo wa chuma cha barabarani.

Jumapili ya pili kanisa la Karuba lilifunguliwa, mabati mapya, madirisha bado wazi. Padri Jean-Claude aliingia kwa maandamano, kwaya ikaanza wimbo wa kuingia, na Verdiane akagonga. Ikatoka kombo. Sauti mbili za wimbo ule hazikuwemo kabisa katika filimbi ya Bayingana, kwa hiyo hazikuwemo katika simbali. Waimbaji wakatazamana. Mmoja akacheka kwa aibu. Verdiane akasimamisha vinyundo, na kanisa zima likabaki na Padri katikati ya njia, mguu mmoja mbele.

Alitazama nyuzi. Hakuwa na aibu wala hofu, alikuwa akitafuta tu nini kinawezekana pale. Kilichowezekana ni wimbo ambao wanawake wa Karuba huimba wakipura maharagwe. Akaugonga huo, polepole, mkono wa kulia ukiuliza na wa kushoto ukijibu. Nyuma kabisa bibi mmoja akaushika kwa sauti, kisha benchi lake, kisha wanaume waliokuja kutoka Kirolirwe wakaushika kwa namna yao, maana kumbe na wao walikuwa na wimbo wa kunywesha ng'ombe uliopita njia hiyo hiyo, ila maneno tofauti. Ukaimbwa kwa maneno yote mawili kwa pamoja. Padri akamalizia safari yake hadi altareni akitembea kwa mdundo wa kupura maharagwe.

Watu wengi walilia. Anastasie, mzee aliyezika watoto watatu, alilia mpaka akashikwa mabega. Verdiane aliwaona wote. Yeye alikuwa akiwaza kama mguu ule wa mkaratusi utastahimili mpaka mwisho.

Baada ya misa Padri alimshika mikono yote miwili akamshukuru sana. "Sawa, Padri," alisema.

Bayingana alimkuta akifunika simbali kwa kitenge. "Ile fasi mbele ya Sake," alisema, "ulisharudia kule?"

"Hapana."

"Jumanne napeleka maziwa. Nitakupitia."

Jumanne walishuka na madumu ya maziwa, wakayauza Sake, wakaendelea kidogo kwenye njia ya Goma. Verdiane alilijua jiwe, jiwe jeusi la volkano kubwa kuliko mengine. Nyuma yake shamba lilikuwa limelimwa, viazi vitamu vimetambaa kila mahali, isipokuwa sehemu moja ya urefu wa mtu, iliyozungushiwa mawe madogo. Mwanamke aliyekuwa akilima akainuka. Alijitambulisha, jina lake Vénantie, shamba ni la baba yake.

"Tuliporudia kutoka kambi nikakuta udongo umesimama," alisema. "Nikajua ni mutu. Nikalima pembeni. Ni wa kwenu?"

"Ni mudogo yangu."

"Jina yake nani?"

Verdiane alifungua kinywa, na kwa kitambo jina halikuja. Hakuwa amelitamka tangu siku ile. Hata kule Kirolirwe alisema tu mdogo wangu.

"Igiraneza," alisema.

"Igiraneza," Vénantie alirudia, kama anayetambulishwa kwa jirani. "Kila asubuhi nikipita hapa namusalimia. Lakini nilikuwa namusalimia bila jina."

Verdiane aliketi chini karibu na mawe yale. Hakulia. Aling'oa nyasi mbili tatu, akaondoa kokoto. Bayingana na Vénantie walisimama barabarani wakizungumza habari za maziwa na mvua, wakimpa mgongo kwa heshima. Alikaa mpaka wingu jeusi lilipofunika vilima vya Mushaki, na Bayingana akaita kwamba barabara itaanza kuteleza. Vénantie alimwambia arudi wakati wa kuvuna, atampa mbegu.

Walipanda milima taratibu, madumu matupu yakigongana, upepo ukiwapiga kifuani. Baada ya kona ya tatu ya barabara, Verdiane alimgusa mwenzake begani.

"Papa Bayingana."

"Ndiyo, Mama."

"Nasikia baridi. Baridi sana."

Alikuwa akitetemeka mwili mzima, meno yakigongana, na hakuweza kujizuia. Tangu arudi kutoka kambini, hiyo ilikuwa mara ya kwanza aseme anasikia kitu. Bayingana alisimamisha pikipiki, akavua koti lake, akamvika, akamfunga vifungo mpaka shingoni, kisha wakaendelea kupanda kuelekea Mushaki.