Watu wa Profesa Slotemaker

Saa nne kamili asubuhi Tjitske, katibu wa idara ya saikolojia katika chuo kimoja cha kaskazini mwa Uholanzi, alimimina kahawa, akamwekea kila mtu biskuti moja, kisha akafunga kopo. Mlangoni akatokea kijana nadhifu asiye na kovu wala chunusi, akasema ametoka kwenye makala ya Profesa Slotemaker. Tjitske alimtazama, akafungua kopo tena.

Kijana alikuwa mshiriki wa kwanza katika utafiti uliompa profesa jina. Utafiti huo ulidai kwamba mtu akikalia kiti kigumu husema ukweli zaidi. Profesa aliutunga nyumbani Jumamosi moja ya mvua, yeye na washiriki wake wote mia mbili na kumi na wawili, maana kutafuta watu wa kweli kunachosha. Jarida kubwa liliuchapisha. Tangu kijana yule aje, kila mtafiti alipoutaja katika makala yake, mshiriki mmoja alipata mwili akaja idarani. Wizara moja ilipotupilia mbali viti laini vya ofisini, wataalamu waliandika sana, na wiki hiyo wakaja arobaini. Tjitske akaanza kununua biskuti kwa katoni.

Jorinde Wiersma, aliyekuwa akiandika tasnifu ya udaktari chini ya profesa, alitumia miaka miwili kuurudia utafiti huo kwa watu mia tatu wa kweli. Walikuja kwa baiskeli, mvua ikiwachapa. Bibi mmoja aliyetoka kupasuliwa nyonga alikaa kwenye kiti kigumu dakika arobaini kwa sababu alikuwa ameahidi, na akaondoka akimshukuru Jorinde kwa chai. Jibu lilikuwa moja: viti havikubadili kitu. Lakini bila saini ya profesa tasnifu isingefika mbele ya jopo, na mkataba wa Jorinde ulikuwa unaisha Aprili.

Tarehe kumi na nne Machi, washiriki wa profesa walipokuwa wametimia wote, kila mmoja alikuja na keki. Kwa Waholanzi, mwenye siku ya kuzaliwa ndiye anayeleta keki kazini, na Slotemaker, mvivu hata katika uongo wake, alikuwa ameandika tarehe moja ya kuzaliwa juu ya orodha na kuinakili mpaka chini. Keki mia mbili na kumi na mbili, zote za tufaha, zilijaza korido. Kisha wenye keki wakampa kila mtu mkono na kumpongeza, kama desturi ya huko inavyotaka, na kwa kuwa walipaswa kupongezana wao kwa wao pia, kazi ilisimama mpaka saa tisa.

Mkuu wa kitivo akashuka kuangalia.

"Wote hawa wamezaliwa siku moja?" aliuliza, mdomo umejaa.

"Hawakuzaliwa, Mkuu," Jorinde alisema. "Profesa amewatunga. Orodha hii hapa."

"Slotemaker, kweli?"

Profesa alijifuta makombo ndevuni. "Niliwatunga, ndiyo. Lakini si hawa hapa? Wahesabu. Nani mwingine hapa ana washiriki wanaoleta keki?"

Mkuu alihesabu. Hakuna aliyepungua.

"Sasa tatizo liko wapi?" Mkuu aliuliza. "Takwimu zenyewe zinakula na sisi. Wa kwako wako wapi, Jorinde?"

"Makwao. Wana kazi zao."

"Haya, unaona?"

Wenye keki walikalishwa kwenye viti vigumu, wakaulizwa. Wote walijibu sawasawa na jinsi makala ilivyosema, kwa sauti moja. Mkuu alipiga makofi. Slotemaker aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu aliokuwa ameufanyia mazoezi kwenye kioo, na mwezi huohuo akapewa nishani.

Alimwita Jorinde ofisini. "Dada yangu, mimi si mtu mbaya. Ondoa hao mia tatu, weka hawa. Kesho nasaini."

"Na yule bibi wa nyonga?"

"Huyo ndiye wa kwanza kuondoka. Anachafua matokeo."

"Simwondoi."

"Basi ondoka naye."

Siku ya mwisho ya Machi Tjitske alimfungia Jorinde kikombe chake kwenye magazeti, akamvalisha skafu kama mtoto anayekwenda shule. Mshiriki wa themanini na nane, msichana mpole, alijitolea kumbebea boksi lenye madodoso ya watu mia tatu mpaka kwenye baiskeli.

"Mazito haya," alisema. "Yametajwa mara ngapi?"

"Hata mara moja."

Msichana aliliweka boksi chini taratibu, akamshika Jorinde bega kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, dada," alisema. "Kumbe watu wako hawapo."