Mchanga wa Kona ya Lesiamon

Vumbi lilipanda kutoka mtoni, jeupe na jepesi, likavuka barabara ya Namanga, likatua juu ya mabati mapya ya mtaa wa Noonkopir. Liliwaangukia akina mama kwenye leso, liliwaangukia watoto kwenye kope, na hakuna aliyelalamika. Lilikuwa vumbi la malori ya mchanga. Mji ulikuwa unajengwa, jamani, na mji haujengwi kwa mate.

Wamaitha alilipenda vumbi lile. Alikuja Kitengela na mume, mume akafariki, akabaki na mwanawe Njuguna, na shamba la vitunguu kando ya mto huko juu, na ploti moja Noonkopir. Kwenye ploti hiyo aliinua nyumba za kupangisha, mstari mmoja wa vyumba, kuta nene, plasta laini. Siku fundi alipomaliza, aliupapasa ukuta kama mtu anayempapasa ndama. Alikuwa na furaha siku hiyo, nasi hatumnyimi.

Kisha mvua ikakataa. Zilikuwa zimepita zile za El Niño, zilizobeba madaraja na mbuzi, na watu wakadhani mto umeshiba maisha yake yote. Masika yaliyofuata yakachungulia, yakaondoka. Vuli nayo ikachungulia, ikaondoka. Ewe Mto Kitengela, ulikonda mbele ya macho yetu, tukazidi kukuwekea pampu.

Hapo ndipo Mulei, afisa wa maji, alipowaita watu wa mto uani mwa kanisa. Alichora bonde zima chini kwa jivu: vilima vya Ngong hapa, mto wetu hapa, Athi unaupokea, unashuka Ukambani, unazunguka, unabadilisha majina, unaingia baharini ambako wengi wao hawakuwahi kufika. Akawaomba waketi kama mto unavyopita, wa juu karibu na geti, wa chini karibu na ukuta wa mwisho. Kule mwisho kabisa aliacha nafasi tupu. "Hapo ni pa wale hatuwaoni," alisema, "lakini wanakunywa."

Wamaitha alikaa getini, kwa hiyo alisema wa kwanza. Wa juu walisema, wakasema tena, na maneno yalipofika chini jua lilikuwa limeshalala na watu wanatafuta viatu. Ikawa hivyo mkutano baada ya mkutano. Maneno yalikuwa yanaisha njiani, sawasawa na maji. Ni yeye aliyeliona, na ni yeye aliyesimama siku moja akafunga leso kiunoni. "Leo tuanzie huko chini," alisema.

Basi kwa mara ya kwanza alianza Lesiamon. Alikuwa mfugaji, mzee mrefu wa maneno machache, na kona yake ya mto ndiyo ya mwisho kabla mto haujaingia Athi. Aliinuka, akaegemea fimbo.

"Mimi sijui kupanga maji. Najua kuhama. Jamaa zangu wa Kimuka wanasema huko bado kuko na majani kidogo. Ng'ombe zangu ziko na nguvu ya kutembea sasa. Baadaye hazitakuwa nayo. Nyinyi mniambie, nihame ama nikae?"

Wamaitha aliwatazama wenzake wa getini, nao wakatazama vidole vya miguu yao.

"Kaa, mzee," alisema. "Tutafunga pampu huku juu. Maji itafika."

"Mama Njuguna. Itafika?"

"Itafika."

Wakapanga, na walipanga vizuri, asije mtu akawacheka. Waliweka zamu za pampu. Waliliwekea bomba la mji fungu lake, na mashamba ya maua fungu lake, na ng'ombe fungu lao, hata nyumbu wa mbugani walikumbukwa. Waliuachia mto wenyewe fungu, ili lile la wasioonekana lifike kwao. Kila kilichokunywa kilitajwa. Mchanga haukutajwa, kwa kuwa mchanga haunywi, na malori yalipita nje ya uzio wa kanisa yakiwatimulia vumbi, nao wakafunika vikombe vya chai kwa viganja wakaendelea kupanga.

Itafika, alisema Wamaitha, akafunga pampu yake kwanza. Vitunguu ndio kwanza vilikuwa vinaanza kuvimba. Itafika, aliwaambia majirani, akitembea ukingo mzima kwa viatu vya mpira, akibisha geti kwa geti, akibembeleza, akigomba, akitukanwa. Majani ya vitunguu yakawa manjano, yakalala. Alikaa katikati ya shamba lake akalia kwa sauti, kisha akapangusa uso akaenda kuhakikisha pampu ya jirani haijafunguliwa. Itafika.

Na ulimi wa maji ukaanza kushuka. Ulikuwa mwembamba, wa rangi ya chai ya maskini, lakini ulishuka. Leo uko kwenye mgunga ulioinama, kesho umepita daraja. Watu wa juu, walioukasirikia, walianza kuufuata kwa miguu, wakiuonyeshana kama mgeni wa harusi. Wamaitha alitembea mbele yao.

Maji yalifika. Niache niseme tena, maana hapo ndipo panapouma: maji yalifika. Ahadi ilitimia. Yalifika kwenye kona ya Lesiamon mchana kweupe, yakakuta mwamba mtupu, yakateleza juu yake bila kusimama, yakaenda zake Athi. Yaliyosalia kwenye mashimo ya mawe jua liliyanywa mbele ya watu.

Zamani kona ile ilikuwa kitanda kinene cha mchanga. Maji yakija yalizama humo yakalala, jua likawaka juu yake bure, na ukoo wa Lesiamon uliyachimba kwa mikono kiangazi chote. Baadaye malori yalikuja kuomba njia. Ukoo ulikubali, maana watoto walihitaji kusoma, na mchanga ni mchanga, mvua huuleta mwingine. Hakuna aliyeona kwamba unaondoka haraka kuliko unavyorudi. Sasa Lesiamon alipiga jembe pale baba yake alipochimba, nalo likalia juu ya jiwe.

Mulei alikaa kitako mtoni na suruali yake ya ofisi. "Mama," alisema, "mchanga ndio ulikuwa tangi. Na sikuuchora."

Wamaitha alikuwa akiwatazama ng'ombe. Wale waliokuwa na nguvu ya kutembea mpaka Kimuka siku ile ya mkutano sasa walikuwa wamelala kwa mbavu, na wanaume walikuwa wakiwainua kwa mikia ili wasimame, nao wanalala tena. Walikufa karibu wote. Walikufa kwa sababu mwenyewe aliambiwa akae, akakaa.

Siku zilipopita Wamaitha alikwenda Noonkopir. Alisimama mbele ya nyumba zake, akaukwaruza ukuta kwa funguo pale pembeni plasta ilipopasuka. Mchanga ulimdondokea kiganjani, mweupe, wenye vipande vinavyometameta ambavyo hupatikana kona moja tu ya mto, ile ya Lesiamon. Ewe mto, kumbe hapa ndipo ulipo? Umesimama wima, umepakwa rangi ya krimu, wapangaji wamekugongelea misumari ya kalenda. Alitaka kuubomoa wote kwa kucha. Lakini ukuta ukibomolewa haurudi kuwa mto.

Ndipo alipomwona Lesiamon akija kwa barabara, na fimbo, na mbuzi wachache. Alikuwa anahamia Kimuka, sasa ambapo hakukuwa na cha kuhamisha. Wamaitha alitamani kujificha. Mzee alimwona, akakata njia kuja kwake.

"Takwenya, Mama Njuguna."

Alijua jibu la salamu ile ya Kimasai. Miaka yote hiyo alijibu, *iko*, kila walipopishana njiani. Safari hii aliutazama mchanga uliokuwa kiganjani.

Lesiamon hakungoja. Alikuwa amechoka, na jua lilikuwa kali. Aliketi kwenye kivuli cha nyumba, akaegemeza mgongo ukutani, akafumba macho kidogo. "Ukuta yako ni mzuri," alisema, bila kisirani chochote. "Iko baridi."

Lori lilipita likielekea mtoni. Vumbi lilipanda, jeupe na jepesi, likawaangukia wote wawili, mzee kwenye kope, Wamaitha kwenye kiganja alichokuwa bado amekikunjua. Hakulipangusa.