Palipolegea

Zuwena alikuwa amefika mzunguko wa saba wa mkeka, sindano ya shazia mkononi, shupatu refu la ukindu uliosukwa likimzunguka magotini kama nyoka aliyeshiba, aliposikia tena lile neno kutoka jikoni.

"Mtoto mchangamfu huyu! Nyumba imechangamka tangu aje."

Msemaji alikuwa Bi Khadija, mama mkwe wake. Aliyesifiwa alikuwa Samiha, mke wa Uweso, mdogo wa mume wa Zuwena. Alikuwa ameletwa kutoka Horohoro miezi mitatu tu iliyopita, na tayari nusu ya mtaa wa Ngamiani ilimjua kwa kicheko.

Zuwena alishona pole pole, akilipima neno. Soko likijaa watu, husemwa limechangamka. Mgonjwa akiomba uji, husemwa leo kachangamka. Kumbe nyumba hii, miaka kumi na minne aliyoifagia yeye, ilikuwa mgonjwa? Yeye alishaitwa mpole, mtulivu, mwenye subira. Mchangamfu, hata kwa bahati mbaya, hajaitwa.

Mkeka ulikuwa wa Sabiha, binti wa mwisho wa Bi Khadija, aliyekuwa aolewe Ijumaa. Katika ukoo wao, mke mmoja wa nyumba humtandikia bi harusi mkeka mbele ya wanawake wote. Mara mbili zilizopita alitandika Zuwena. Safari hii Bi Khadija alikuwa hajasema nani, na hapo ndipo usingizi ulipompotelea Zuwena.

Vidole vyake vikasimama. Shupatu hili alilisuka Samiha, na hapa, kiasi cha dhiraa moja, lilikuwa limelegea hadi kidole kilipenya. Siku nyingine angelifumua na kulisuka upya bila kusema. Leo aliliangalia, akaangalia mlango wa jikoni, kisha akalishona vivyo hivyo, katikati kabisa, pale yatakapotua macho ya wote. Nao wajue uchangamfu unasukaje.

Bi Khadija akatoka na kikombe cha chai, akaketi kwenye kibao.

"Mama," Zuwena akauliza, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe, "mimi si mchangamfu?"

"Wewe?" Bi Khadija akacheka hadi chai ikamwagika. "Wewe hata kuku wakikuona husinzia!"

Zuwena akainamia mshono.

"Ndiyo maana utatandika wewe," mama akaendelea, akifuta kanga. "Huyo mwenzio nikimpa mkeka ataucheza kabla bi harusi hajakaa. Yeye ataongoza vigelegele."

Akanywa chai yake, akaingia ndani. Zuwena akabaki na alichokitamani, na mkeka wenye kasoro magotini. Kwani wanawake wa mtaa hawaulizi nani alisuka. Kasoro ni ya aliyetandika.

Akageuza shazia, akaanza kufumua.

"Da Zuwena, mbona unabomoa?" Samiha alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ina unga.

"Palilegea."

Samiha akachuchumaa, akapitisha kidole. "Aa! Hapa nilikuwa namwiga muuza dagaa! Mama alicheka, na mimi nikacheka, mikono ikasahau." Akapapasa mshono. "Lakini pameshashonwa. Hukupaona?"

Zuwena alivuta uzi. "Nilipaona."

Samiha akamtazama kitambo, wala hakucheka. Akajipangusa unga, akaketi upande wa pili, akaanza kufumua. Alifumua kwa utaratibu, ukindu mmoja mmoja, bila kukata hata uzi. Kumbe na utulivu anao! Hilo nalo likamchoma Zuwena, pengine kuliko kicheko.

Adhana ya magharibi iliwakuta wamebakiza shibiri moja ya kufumua, na dhiraa yote ya kusuka upya.

"Roweka ukindu," Zuwena akasema, akiichomeka shazia kwenye mshono. "Kesho utasuka hapa, mbele yangu."

"Na nikicheka?"

"Utafumua."