Mikono ya Nyumba ya Mzee Shamte

Asubuhi Asmahani alikandika ukuta wa chumba chake cha ndoa kwa udongo mwekundu uliochanganywa na saruji. Ndiyo desturi ya kina Shamte wa Utende: bibi harusi hukandika ukuta mmoja kwa mkono mtupu kabla ya kuozwa, ili nyumba imzoee. Alipofika nusu udongo ulimwishia. Akanawa, akaketi barazani kumsubiri mama yake, aliyekuwa anakuja na makubaliano.

Mama yake, Mwatima, alishuka kwenye bodaboda na bahasha ya kaki. Alikuwa na stashahada ya uhasibu na hakupenda kuzunguka mbuyu. Alivua viatu, akaingia sebuleni na Asmahani, akatundika mkoba wake kwenye mkono wa Mwanamkuu.

Mikono ya nyumba ile ilitoka ukutani kuanzia kwenye kiwiko. Kila mke aliyeachwa pale aliondoka na mabegi yake, na mkono aliokandikia ukabaki. Wa Mwanamkuu, mke wa kwanza wa Mzee Shamte, ulikuwa umekonda na una pete ya fedha. Wageni waliutundikia kofia na miavuli. Wa Mwanasiti, aliyemfuatia, ulikuwa jikoni karibu na meza. Mwanasiti ndiye mama wa Taufiki, bwana harusi, na mkono ule ulimpapasa mwanawe kichwa kila alipokula. Mwenyewe alikuwa hai, Kirongwe, akiokota korosho kwa mkono uliosalia. Sheikh Hafidhi alimruhusu kula kwa kushoto.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mkwe. Karibu."

"Nimekaribia. Mwanangu anajenga vyumba viwili hapa kwa hela yake ya mwani, na kiwanja ni chako. Nataka iandikwe kabla ya ndoa: wakiachana, vyumba ni vyake, na hakuna kitu chake kinachobaki humu."

Mzee Shamte akacheka. "Mwari hajaingia ndani, wewe ushamfungia mizigo?"

"Nimeona wenzake walivyofungiwa. Huyu hapa kanishikia mkoba."

Mkono wa Mwanamkuu ukausogeza mkoba usidondoke.

Sheikh Hafidhi, aliyekuja kupanga siku ya ndoa, aliulizwa. Akasema sharti lisilovunja dini linafaa, wakiridhiana, liandikwe.

"Waridhiane," akasema Mzee Shamte. "Ila atakayeandika akatafute kiwanja kwingine."

Taufiki, aliyeketi kando ya baba yake, aliendesha boti ya wageni wanaokwenda kuwatazama papa potwe. Alikuwa mpole, na Asmahani alimpenda.

"Mimi nimwache Asma? Kwa lipi?"

"Baba'ko naye alisema hivyo hivyo," akajibu Mwatima. "Mama yako yuko wapi?"

"Yupo," akasema Taufiki, akaonyesha jikoni.

"Taufiki," akasema Asmahani, "kiwanja sikitaki. Nataka nitakachokiweka nije nikikute. Tia sahihi, hata leo tuozwe."

Meza ilikuwa jikoni, wakaenda wote. Mwatima akaitoa karatasi ya makubaliano kwenye bahasha, Taufiki akaketi na kalamu. Mkono wa Mwanasiti ulishuka ukaipapasa karatasi, ukapata mahali pa shahidi, ukachovya dole gumba kwenye masizi ya sufuria, ukagandamiza.

Sheikh Hafidhi akaikagua alama ile kwa uangalifu. "Dole ni lake, namjua," akasema. "Lakini shahidi awe mtu kamili. Kiungo hakishuhudii."

Taufiki akaitazama alama, kisha akamtazama baba yake aliyesimama mlangoni. Akailaza kalamu mezani.

"Tutaandikiana baadaye, Asma. Tukishatulia."

Mkono wa mama yake ukampapasa kichwa, kama kawaida.

Asmahani akajifunga mtandio. "Mama, twende."

Sebuleni Mwatima akasema, "Lete, dada," na mkono wa Mwanamkuu ukampa mkoba. Kisha ukamshika Asmahani mkono wa kulia, ukavigusa vidole vyake kimoja kimoja hadi cha mwisho, ukamwachia.

Ijumaa, kwao Kiegeani, Asmahani alikuwa anafunga mbegu za mwani kwenye kamba alipoona kidole cha pete na kile kidogo havipo. Hapakuwa na damu wala kidonda. Mama yake akaugeuza mkono ule huku na huku.

"Ulifika nusu," akasema. "Ungemaliza, ungeondoka na kiwiko tu."

Mwatima alirudi Utende na nyundo na tindo. Mzee Shamte alimkaribisha chai, akamweleza kwa heshima kwamba kilichoingia ukutani ni cha mwenye ukuta, na kwamba chumba kile kimeshaposewa mtu. Taufiki alikuwa baharini na wageni. Mwatima hakunywa chai.

Asmahani akajifunza kufunga mwani kwa vidole vitatu. Kamba alizokuwa akizimaliza kabla ya adhuhuri sasa zilimchukua mpaka alasiri.

Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, Taufiki akaoa. Siku chache kabla ya ndoa bibi harusi, Umi, alikuja na ndoo yake kumalizia ukuta. Katikati ya nusu iliyokauka palikuwa na vidole viwili, na kipande cha kamba ya mwani kimezungushwa kwenye kimoja. Vilikuwa vinajikunja na kujikunjua taratibu, kama vinafunga kitu.

"Hivi vya nini, baba?"

"Pa kutundikia kanga," akasema Mzee Shamte.

Umi akatundika kanga yake, akapandisha mkono wa gauni, akachota udongo.