Suta au Futa

Kazini walimwita Bi Sikio, na jina hilo halikumkera. Alikuwa mhandisi wa sauti katika kampuni ya simu, na wiki ile alipewa kazi iliyomkaa sawasawa: kupima kiwango kipya cha kubana sauti ili ichukue nafasi ndogo, kabla hakijaingizwa kwenye mitambo.

Kiwango chenyewe kilipanga sauti kwa tabaka. Chini kabisa kulikuwa na kiini, chembamba, cha kumtosha mtu kuelewa anachoambiwa. Juu yake zilipandishwa tabaka nyingine, moja baada ya nyingine, hadi unamsikia msemaji kama amekaa kiti cha pili. Njia ya simu ikijaa, mtambo ungezibandua tabaka za juu na kuacha kiini kipite. Simu isingekatika. Bosi wake alitaka kujua jambo moja tu: kiini kikibaki peke yake, watu wataelewana?

Basi Bi Sikio akaita wasikilizaji kumi na wawili, watu wa kawaida tu: mshonaji, muuguzi, mwalimu mstaafu wa hesabu na wenzao. Akawaketisha katika chumba chenye kuta za sponji, akawavisha vipokea sauti masikioni.

"Andikeni mnachosikia," aliwaambia.

"Na nisiposikia vizuri?" mshonaji aliuliza.

"Andika unachodhani umesikia, mama. Hapa hakuna anayefeli."

Alisahihisha majibu mchana, karatasi kwa karatasi. Kiini kilifanya vizuri, isipokuwa kwenye s na f. Herufi hizo mbili hutofautishwa na mvumo mwembamba wa juu, na mvumo huo ndio uliobanduliwa kwanza. Sentensi ilisema, "Fungua mlango, ni sisi." Mshonaji aliandika, "Fungua mlango, ni fisi." Bi Sikio alicheka peke yake mpaka akavua miwani.

Akaja kwenye sentensi ya tisa: "Shangazi amenisuta mbele ya wageni." Watu saba kati ya kumi na wawili walikuwa wameandika "amenifuta."

Kicheko kikamkauka.

Miaka mitatu nyuma, baba yake alizikwa yeye akiwa safarini kikazi. Alipopiga simu nyumbani kusema ndege imechelewa, kaka yake alipokea. Laini ilikuwa mbovu, sauti ikija kama inapenyezwa kwenye tundu la sindano. Kaka alisema maneno mengi ya hasira, na mwisho akasema, "Basi. Mimi nimekufuta." Bi Sikio alikata simu, akaizima. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Salamu zilipita kwa wifi yake.

Sasa alikaa akiitazama ile karatasi. Je, kama kaka alisema "nimekusuta"? Kusutwa ni haki yake, angevumilia. Mtu husutwa, hulia, yakaisha. Akairudia sentensi ya tisa kwenye kiini mara tano, sita. Suta. Futa. Hata yeye, pamoja na jina lake lote, hakuweza kuapa.

Alitoka hadi kwenye ngazi, mahali pasipopita mtu, akapiga.

"Haloo?" Nyuma ya kaka, ambaye alikuwa fundi wa mafriji, mashine ilinguruma, kisha ikazimwa.

"Kaka, ni mimi."



"Mzima?" kaka akauliza.

"Mzima. Kaka, nina swali, usinicheke. Siku ile ya mazishi, ulisema umenisuta, au umenifuta?"

"Swali gani hilo?"

Akamweleza haraka haraka: s na f, tabaka, mshonaji na fisi wake. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mdogo wangu," alisema, "ningeweza kukudanganya hapa, yakaisha. Lakini masikio yako hayana kasoro. Nilisema nimekufuta."

Bi Sikio alishika chuma cha ngazi.

"Nilikuwa nimetoka kumfukia baba huku nikitazama njia," kaka aliendelea. "Jioni nikakupigia mara nne, simu imezimwa. Kesho yake ikaita, hukupokea. Nikasema, haya, amekubali kufutwa."

"Niliiona namba yako. Nilidhani unataka kuongezea."

"Niongezee nini tena? Nilikuwa nimeshamaliza yote!"

Bi Sikio alicheka, na kicheko hichohicho kikamtoa machozi. Kaka amemwambia kweli wakati uongo ungekuwa rahisi. Akaona hawezi kubaki na uongo wake.

"Kaka, nilisema ndege ilichelewa. Haikuchelewa. Kulikuwa na mkutano, nikaona siwezi kuuacha."



"Hilo sikulijua," kaka alisema. "Hilo si la simu. Njoo Jumamosi. Nitakuwa karakanani."

Ijumaa alikabidhi ripoti: kiini kinatosha kwa mazungumzo mengi, ila s na f zisitegemewe.

Jumamosi alimkuta kaka amepiga magoti nyuma ya friji lililofunguliwa. Hawakukumbatiana. Kaka alimwonyesha kreti la kukalia, kisha akamsema kwa robo saa nzima bila kuinua macho, na Bi Sikio hakujitetea hata kwa neno moja. Hasira ilipokwisha, kaka alifuta mikono kwa kitambaa, akaanza kumsimulia siku za mwisho za baba: alivyokataa uji, alivyotania madaktari, alivyouliza mara mbili kama binti yake anakula vizuri huko aliko.

Mteja mmoja alichungulia mlangoni, akauliza friji lake limefikia wapi.

"Rudi baadaye kidogo, ndugu," kaka alimwambia. "Niko na mdogo wangu."