Mlango wa Tatu wa Laitani

Nchi ya Laitani ilikuwa na kilima kimoja, bonde moja na bwawa moja, na katika hivyo vitatu raia waliachiwa bonde tu. Kileleni walikaa wakubwa, wenye chemchemi za mapambo zilizorusha maji kutwa kucha ili macho yao yaburudike. Maji hayo yalivutwa kutoka bwawani, na bwawa lilizuiwa na ukuta mkongwe uliosimama juu ya mapaa ya Bondeni. Mtawala aliitwa Mtukufu Subirini, na sijapata kuona mtu aliyestahili jina lake kama yule.

Mwenye shida aliipeleka Nyumba ya Maombi, jengo jeupe lililoachwa na wageni wa zamani pamoja na Kiingereza chao. Ombi lisilotamkwa kwa lugha hiyo halikusikilizwa. Nyumba ilikuwa na milango mitatu. Wa kwanza ulipokea mambo yanayowezekana: ukifanya hili, litatokea lile. Wa pili ulipokea ndoto: ningekuwa na mabawa, ningeruka. Wa tatu ulipokea majuto: ungalifanya, yasingalitokea. Watu wa Kileleni walipita wa kwanza. Watu wa Bondeni walifundishwa maneno ya mlango wa tatu peke yake, na aliyewafundisha miaka ishirini ni Mwalimu Tindo, mtu mpole mwenye chaki sikioni, aliyekula mshahara wake kimya kimya. Ombi la majuto halikumsumbua mtu: lilipigwa muhuri, Mtukufu akatoa pole, basi. Tena sheria ilisema kwamba jambo lililopigwa muhuri mlango wa tatu limekwisha kutokea, na halitenguliwi hata na Mtukufu mwenyewe.

Mashavu, mke wa mwashi na mama wa watoto wanne, ndiye aliyeuona ufa ukutani. Jumatatu uliingia kidole. Alhamisi uliingia mkono mpaka kwenye kiwiko, na mumewe na waashi wenzake walikuwa wamekatazwa kuugusa ukuta bila kibali. Akamkimbilia Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Ukuta bado umesimama. Nifundishe maneno ya mlango wa kwanza: wakiuziba, tutapona. Hayo tu."

Tindo alichungulia dirishani kabla ya kujibu. "Marahaba, mama. Nikikufundisha hayo, mimi nitafukuzwa na wewe utafungwa. Niliyo nayo ni ya mlango wa tatu."

"Hayo ni ya msiba! Wanangu wako hai!"

"Najua." Akashusha sauti. "Lakini ile sheria ya muhuri, mama, isome. Isome mara mbili."

Mashavu alilia, na ilikuwa haki yake kulia. Kisha akaisoma sheria, akapangusa macho, akakariri kwa Kiingereza alichoandikiwa ubaoni: ungalizibwa ukuta, Bonde lisingalizama, na watu wake wasingalikufa.

Karani wa mlango wa tatu alipiga muhuri. Mtukufu alitia sahihi bila kuinua kichwa kutoka kwenye sahani yake, akatangaza maombolezo ya siku tatu. Rambirambi zikasomwa redioni kwa sauti ya huzuni, na watu wa Bondeni wakakaa vibarazani wakisikiliza tangazo la vifo vyao, kuku wakidonoa miguuni pao.

Siku ya tatu walipanda kilima wote, na mikeka, na sufuria, na mbuzi, na wazee migongoni, wakaketi kwenye majani ya ikulu. Mkuu wa walinzi akaja mbio.

"Rudini kwenu!"

"Kwetu wapi, baba?" Mashavu aliinua karatasi. "Bonde limezama, na sisi tumekufa. Sahihi hii si ya Mtukufu?"

Mkuu wa walinzi aliusoma muhuri, akazirudisha pingu kiunoni. Hakuwahi kufundishwa namna ya kumkamata marehemu.

Alasiri ile chemchemi zilikohoa, zikakauka, kwa kuwa maji ya bwawa yalikuwa yakitorokea ufani. Subirini akatoka na kandambili miguuni, jasho likimtiririka.

"Waashi wako wapi? Kibali hiki hapa! Ukuta ukizibwa leo, nitawapa fedha. Nitawapa ardhi. Nitawapa..."

Mume wa Mashavu alikuwa pale pale, mwiko wake wa kujengea magotini, akamtazama mkewe. Mashavu alikuwa akitazama chini bondeni, kwenye paa la nyumba aliyozalia watoto wote wanne, na machozi yalikuwa yakimtoka.

"Waashi wamekufa, Mtukufu," alisema. "Pole umetoa wewe mwenyewe."

Nakiri kwamba sikumhurumia Mtukufu. Niliihurumia nyumba ile.

Ndipo ukasikika mngurumo, na hakuna aliyejua kama ni radi au ni ukuta. Mashavu aliwahesabu wanawe, mmoja mpaka wanne, akawahesabu tena. Subirini alishika nguzo ya baraza, akafungua kinywa.

"Laiti..." alianza, lakini maneno ya mlango wa tatu hakuwahi kufundishwa.

Nyuma ya umati, Mwalimu Tindo alipeleka mkono sikioni ilipokuwa chaki yake, kisha akaushusha bila kuichukua.